Mtego wa Mwenye Shamba

Mathe hakuwa mtu wa kukaa. Tuliishi jirani hapa Kimemi, mtaa wa Butembo huku Kongo, miaka thelathini na mmoja, na sikumbuki hata mara moja kumwona amekalia kiti changu mpaka kikapata joto. Ukimpa chai anaipokea amesimama, anakunywa huku akiangalia nje, anarudisha kikombe sukari ikiwa bado imelala chini. Mkewe, Sophie, alikuwa anasema ameolewa na kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Kwao kanisani, kwa Waprotestanti, walimfanya shemasi, na mimi Mkatoliki nilimtania kwamba walimpa cheo hicho ili apate ruhusa ya kusimama mlangoni ibada nzima. Alicheka, halafu akaenda zake.

Kazi yake ilikuwa kutega fuko. Mwisho wa kiangazi, Agosti inapoelekea Septemba, udongo wa juu mlimani unakuwa mgumu kama tofali, na kila mdudu na mnyama mwenye tumbo anateremka bondeni kwenye unyevu, yaani kwenye bustani yangu. Wadogo nawamudu mwenyewe. Sota, wale funza wanaokata miche shingoni, nawaokota alfajiri kwa vidole na kuwaponda kwa kisigino bila kuomba msamaha. Viwavi wa kabichi nawamwagia majivu na maji ya pilipili. Vidukari wa maharagwe wanapata maji ya tumbaku, na wakizidi wanapata maji ya sabuni juu yake. Lakini fuko hapana. Fuko yuko chini, humwoni wala humsikii. Unaona tu majani ya viazi yananyauka, unavuta shina, linakuja peke yake mkononi. Viazi vyenyewe ameshavipeleka kwake.

Hapo ndipo tulipomwita Mathe. Alitembea shambani akikanyaga kwa kisigino mpaka pale udongo ulipobonyea. Alifungua njia ya fuko kwa jembe dogo na kuiacha wazi, kwa sababu fuko hapendi upepo, lazima arudi kuziba. Halafu alitega: fimbo mbichi iliyopindwa, kamba yenye kitanzi ndani ya shimo, na kijiti cha kuzuia. Fuko akisukuma udongo ili azibe, kijiti kinachomoka, fimbo inanyooka, na mwizi ananing'inia. Siku ya kutega Mathe hakugusa sabuni. Alijisugua mikono kwa udongo wa shamba lenyewe, maana fuko hana macho ya maana lakini pua anayo. Sophie alilalamika kwamba hata akivaa suti ananuka kaburi.

Alikuwa na desturi moja aliyoipokea kwa baba yake, na baba yake aliipokea kwa babu. Mtego wa kwanza shambani hakuutega yeye. Aliutega mwenye shamba kwa mkono wake, hata kama hajui, hata kama fimbo inamfyatukia usoni mara kumi. Mathe alielekeza kwa mdomo tu, mikono ameikunja mgongoni.

"Mama Delphin," aliniambia mara ya kwanza, maana mtoto wangu mkubwa ni Delphin, "fuko lazima ajue ni mwenye nyumba njo anamufukuza, hapana mupita njia."

Mtego huo hakuugusa tena. Hakuukagua, hakuuondoa, hakuuhesabu. Ni wa mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye anayeutoa. Kwangu alikuwa anasema, "Niko na mitego kumi hapa," na sote wawili tulijua iko kumi na mmoja. Miaka yote ilikuwa hivyo na hakuna aliyekosea.

Mwaka ninaousema ni 2001. Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi, na usiniulize bendera ya nani wiki ile, kwa sababu zilibadilishwa mara nyingi kuliko foronya zangu. Delphin alikuwa amekwama Beni na mke wake, barabara haieleweki, na mimi nilibaki na watoto wao wanne. Kundi moja la askari liliweka kambi katika ghala la zamani la kahawa, juu kidogo ya bustani zetu. Kahawa yenyewe ilikuwa imekufa kwa ugonjwa kabla ya wao kufika, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu. Chumba cha mbele wakakifanya ofisi. Nyuma ya ukuta wa ofisi wakachimba shimo refu na jembamba, wakalifunika kwa mbao. Hiyo ndiyo ilikuwa kasho yao, yaani jela. Aliyetiwa humo alisimama au alichuchumaa, basi.

Katikati ya Agosti lori lao moja lililipuka kwenye barabara ya Manguredjipa, kwa bomu lililofukiwa na Mai-Mai, wapiganaji wa msituni waliopigana nao. Jumatatu yake komanda wao alituita wote mbele ya ghala, wenye bustani na wasio na bustani. Alikuwa kijana mwenye sauti ya kukwaruza, na alisema kifupi.

"Kuanzia samedi, midi, nikipata kamba na fimbo mu bulongo, kwangu ile ni mine. Na mwenye kuitia ni Mai-Mai. Ataingia mu shimo. Hapana mutu atakuja kulia hapa."

Yaani tulipewa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Watu waligeuka kumtazama Mathe. Alikuwa nyuma, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Tuliteremka pamoja siku ile, mimi na yeye na Sophie. Nilijaribu mzaha, nikamwambia fuko watafanya sherehe. Hakucheka.

"Mama Delphin, risasi siogopi sana," alisema. "Ile shimo njo naogopa. Miye kukaa fasi moja? Nitakufa mbele ya siku tatu."

"Toa basi yote," Sophie akamwambia.

"Nitatoa yote. Hata moja haitabakia."

Na alitoa. Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi alikimbia bustani hadi bustani, mashamba kumi na sita, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mitego sitini na mitatu. Alikuwa anairudia akilini, anaamka asubuhi na kurudi shamba alilokwisha kulimaliza, anapapasa udongo, anaondoka, anarudi tena. Sophie aliniambia hakulala wiki nzima. Kwangu alifika Jumamosi, kama saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa ndani natenganisha wajukuu wawili waliogombania ndizi. Alinipigia kelele kutoka kwenye ua.

"Mama Delphin, kumi yako nilisha toa."

"Asante, diakre," nikajibu, kwa jina la Kifaransa la ushemasi wake, na nikarudi kwenye ndizi.

Kumi. Ndivyo alivyosema miaka yote, na ndivyo nilivyosikia miaka yote, kwa hiyo sikio langu halikushtuka. Yeye alifanya alivyofundishwa, alipita kando ya mtego wangu bila kuutazama, kwa kuwa wangu si wake. Wenye mashamba wengine walikuwa wamekumbuka kutoa ya kwao. Na mimi, mwenye shamba, mwenye mdomo unaojua makosa ya kila mtu mtaani, nilisahau kabisa kwamba wiki tatu kabla nilikuwa nimepiga magoti kwenye vitunguu vya majani, mwisho wa shamba, nikapinda fimbo, nikafunga kamba, nikafunika kwa majani makavu ili mbuzi wasiuguse. Nilikuwa hata nimejisifu kwa majirani kwamba siku hiyo haikunifyatukia.

Jumamosi saa sita ilipita. Komanda alimwita Mathe mbele ya ofisi, watu wakisikia.

"Papa, yote?"

"Yote yenye nilitega, nilisha toa, chef. Sitini na tatu."

Siku zilizofuata fuko walifanya kweli ile sherehe. Kila asubuhi vichuguu vipya, vyeusi, vya udongo mbichi, vimepita katikati ya matuta. Mathe alizunguka kando ya mashamba na mikono mitupu. Alisimama, anasikiliza chini, anatikisa kichwa, anakwenda kwa jirani. Mimi mwenyewe sikutulia. Nililaza majani machungu kwenye njia zao, nikamwaga mkojo wa mbuzi, nikapanda pilipili mpakani, yaani nilifanya kila upuuzi ninaoujua, na nilikuwa na hasira na kila mtu. Wajukuu wangu walijifunza kunikwepa.

Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, askari mmoja alishuka kwenye bustani yangu. Hakuja kukagua mabomu. Alikuja kung'oa vitunguu vyangu, na mfuko wake ulikuwa umeshajaa nusu. Alipoinama kwenye kile kituta cha mwisho, mkono wake ukagusa kijiti. Fimbo ilinyooka ikamchapa jichoni. Alipiga risasi mbili hewani, na kabla sijafunga kitenge vizuri shamba langu lilikuwa limejaa buti.

Waliwakusanya watu wote wa bonde. Komanda alikuwa ameishika fimbo mkononi, kamba inaning'inia. Yule askari alikuwa amejifunga kitambaa jichoni na mfuko wa vitunguu bado uko begani, na hakuna aliyethubutu kuuliza vitunguu vimetoka wapi.

"Oyo ni ya nani?" komanda akauliza.

Mathe alitazama kile kifundo. Mtega fuko anajua vifundo kama mshonaji anavyojua mishono, na changu kilikuwa kibaya, kimezungushwa mara tatu bure, kifundo cha mwanamke anayefunga mzigo wa kuni. Aliinua macho akanitazama. Hakunikonyeza, hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu na kungoja, na huo ndio wakati pekee niliomwona Mathe amesimama bila kuhamisha mguu.

Nilijua. Nataka niseme hivi wazi, kwa sababu watu wamenipa visingizio vingi tangu siku ile: eti nilipigwa na butwaa, eti sikukumbuka. Nilikumbuka mara moja, mpaka baridi ya udongo kwenye magoti nilikumbuka. Niliogopa. Wajukuu wanne walikuwa nyuma yangu wameshika kitenge changu, nao ni sababu ya kweli, lakini hawakuwa sababu yote. Niliogopa shimo. Nikafunga mdomo, mimi ambaye hata padri ameshaniomba nifunge mdomo nikashindwa.

"Papa, ulisema yote," komanda akasema.

"Mutega fuko wa hapa ni miye," Mathe akajibu.

Hakusema uongo. Shemasi yule hakujua kusema uongo, na hata hapo hakuusema. Walimchukua kwa mikono yote miwili, na Sophie akawafuata mpaka kwenye geti, anasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake hawezi kukaa, jamani, huyu mutu hawezi kukaa.

Wanawake wa bonde tuligawana zamu za kumpelekea chakula. Askari walikuwa wanakishusha kwa kamba. Zamu yangu ilikuwa siku ya pili. Nilipika maharagwe kwa vitunguu vya kituta kilekile, nikakabidhi sufuria, nikarudi. Nilimlisha kwa mkono uleule uliofunga ile kamba. Ukiniuliza kama nililala, nitakwambia nililala, na hilo pia lilinikasirisha. Mchana sikuweza kukaa. Nilichukua jembe nikaliacha, nikaanza kupalilia karoti nikajikuta nang'oa karoti zenyewe. Kila nilipoketi niliwaza mtu aliyechuchumaa chini ya mbao, nikainuka. Siku ya tatu nilifika mpaka kwenye geti la ghala, nikamwambia mlinzi nimekuja kuulizia sufuria. Siku ya nne hata geti sikulifikia.

Sophie hakujua lolote. Mathe alikuwa hajamwambia, na shimoni hakuna anayezungumza na mke wake. Alikuja kwangu siku ya tano, akaketi jikoni, akaanza kujilaumu kwamba labda yeye ndiye aliyemkoroga hesabu Jumamosi ile kwa kumharakisha. "Labda ilikuwa sitini na ine," alisema. "Labda ni miye nilimukosesha." Nilimmenyea viazi nikimsikiliza. Kisu kilinikata kidole, nikakifunga kwa ncha ya kitenge nikaendelea kumenya.

Usinifikirie kuwa mwema kwa lililofuata. Sikuweza tu kumwona Sophie akirudi kesho kujilaumu tena. Siku ya sita asubuhi niliwapeleka wajukuu kwa jirani, nikavaa kitenge cha misa, nikapanda ghalani. Njiani nilijiambia kawia ufike. Komanda alikuwa ofisini anakunywa chai. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote, kwa sauti kubwa ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma: kwamba mtego ni wangu, kwamba niliutega kwa mikono hii, kwamba kwetu mwenye shamba ndiye anayetega wa kwanza na mtega fuko hauhesabu, kwamba yule mzee hakudanganya, sitini na tatu ndiyo hesabu yake ya kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama mikono, halafu kitenge, halafu rozari shingoni.

"Mama, ni baprotestanti njo bamekutuma?"

"Hapana mutu amenituma."

"Mama muzee wa Katolika anatega mine." Akawageukia askari wake, wakacheka, hata yule wa jicho. "Kama ni yako, sababu gani hukusema ile siku? Mutu ya kweli anasema palepale. Umefundishwa hii maneno mu siku sita."

Nilimwambia anipe fimbo na kamba nimwonyeshe kifundo changu. Alisema hatoi kamba kwa mtu. Nilipiga meza yake. Askari wawili walinishika mabega, kwa upole wa kunidharau, wakanisindikiza mpaka barabarani kama bibi aliyechanganyikiwa. Kumbe ukweli nao una saa yake. Ningeusema Ijumaa ungenitia shimoni na kumtoa yeye. Siku ya sita ulikuwa hadithi ya kuchekesha tu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Sophie yote siku hiyohiyo, naye akachukua sufuria yake na kuondoka.

Mathe alikaa humo siku kumi na mbili. Hakuna aliyemsamehe wala kumhukumu. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu tuliamka tukakuta ghala liko kimya, wale askari wameitwa Beni na wamekwenda na milango, meza na mbao za kufunika shimo. Vijana wa kanisani kwake walishusha ngazi. Walimtoa amekunjika, magoti hayakubali kunyooka, na walimbeba mpaka kwao kwenye mlango mmoja uliosahaulika. Nilitazama kutoka shambani. Sikwenda.

Mvua zilianza. Nilivuna viazi ndoo mbili mahali pa gunia. Majirani walianza kutega wenyewe, vibaya, na fuko waliwacheka.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, nilimwona Mathe anateremka kwa fimbo ya kutembelea. Alichukua muda mrefu kufika. Mtu ambaye zamani ungemwita ukiwa mlangoni naye akakujibu akiwa tayari kwenye ua, sasa alisimama kila hatua tano kupumzika. Nilitoa kiti, akakikataa kwa kichwa. Aliegemea nguzo ya ua wangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya toba kwa siku nyingi, nikafungua mdomo, lakini aliinua mkono.

"Mama Delphin. Siku ya kwanza nilikungoja. Siku ya pili nilikungoja. Kila mutu akipita ku mbao, nilisema ni wewe. Siku ya tatu nikaacha kukungoja."

"Nilikuja, diakre," nikasema. "Siku ya sita nilikuja. Nilimwambia yote. Alikataa kuniamini."

"Najua. Ofisi yao ilikuwa karibu na kichwa yangu. Nilisikia neno kwa neno."

Nikamwuliza kama alisikia nilivyopiga meza. Akasema alisikia.

"Nikamuomba Mungu basikuamini," alisema. "Bale batoto bane, nani angebapikia?"

Alisema hivyo bila hasira yoyote, akiangalia bustani yangu ilivyochimbwachimbwa. Halafu akaaga, akageuka, akaanza kupanda polepole kuelekea kwao. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nilisimama pale uani mbele ya wajukuu wangu nikalia kwa sauti, na yeye hakugeuka, kwa sababu kupanda kule kulimtaka nguvu zake zote.